Kiraka cha chandarua kinahitaji mshono unaokubali kuvutika

Fundi anayekataa kushona chandarua huwa na hoja mbili: neti inamezwa na cherehani, na kiraka hakidumu. Zote zina ukweli. Ila kasoro iko kwenye mshono, na mshono unarekebishika.

Kanga ina mtande na mshindio, nyuzi zinazokatizana. Chandarua cha poliesta kimefumwa kwa vitanzi vilivyoshikana, kama sweta, kwa hiyo ukikivuta kinakubali, na upande mmoja hukubali zaidi. Mshono mnyoofu uliokazwa haukubali. Mtu akijigeuza usingizini neti inavutika, uzi unagoma, na kinachoachia ni kitanzi cha pembeni. Ndiyo maana tundu jipya hutokea ubavuni mwa kiraka, mara chache sana katikati yake.

Kata kiraka kutoka chandarua kilichozeeka, si kwenye kanga. Kivute huku na huku ujue upande unaovutika zaidi, kisha ukilaze uelekee sawa na wa chandarua. Kizidi tundu kwa vidole viwili kila upande. Usikunje pindo: ukingo wa neti haufumuki kama wa kanga, na pindo huongeza ugumu pale pale tunapoukimbia. Tumia sindano namba 11 na uzi wa poliesta, legeza uzi wa juu, tandika gazeti chini ya neti isimezwe, ukimaliza uchane karatasi. Zigizaga ndiyo bora. Kwa cherehani isiyo nayo, vuta neti kidogo mbele na nyuma ya mguu wa mashine unaposhona, ili uzi wa kutosha ubaki ndani ya mshono. Kwa mkono, zungusha sindano ukingoni bila kukaza.

Asiye na kiraka wala cherehani naye asikate tamaa, na hapa hesabu ya Shirika la Afya Duniani inasaidia sana. Tundu lisilopitisha hata kidole gumba hupewa alama 1. Linalopitisha ngumi lakini si kichwa, 196. Linalopitisha kichwa, 576. Jumla ikizidi 642, chandarua kimechakaa mno. Sasa chukua tundu la kichwa, livute kingo zikutane, lishone kwa mkono, hata vibaki vitundu vitano visivyopitisha kidole gumba: umetoka 576 ukafika 5. Mshono mbaya umefanya kazi kubwa. Basi anza na tundu kubwa kuliko yote, madogo yangoje.

Kisha tafuta kilichochana. Matundu mengi huwa sehemu ya chini, neti inapochomekwa na kusuguana na kitanda. Kitanda cha kamba chenye mbao zisizopigwa randa kitakula kiraka chako pia, kwa hiyo piga msasa kwanza.

Mwaka 2013 mpango wa kugawa vyandarua kupitia shule ulianzia Lindi, Mtwara na Ruvuma, na wanafunzi wakavipeleka nyumbani. Chandarua cha dawa hutarajiwa kudumu takribani miaka mitatu, na kinachokiondoa kazini mapema mara nyingi ni mpasuko. Mafundi wa Masasi na Newala, hapa Mtwara, mvua zetu huanza kukolea Desemba: pokeeni vyandarua kabla ya hapo, na mabaki ya neti kuukuu msiyatupe, ndiyo viraka.