Ratanya wa Lini?

Bango lina urefu wa mlango, rangi zake zinang'aa, na kila anayeingia kula mkahawani pale husimama kulisoma huku akitikisa kichwa kwa kuridhika. Limepanga historia yote ya Wameru, kuanzia Mbwaa, chimbuko letu katika simulizi, hadi Nchiru, makao ya baraza la wazee la Njuri Ncheke, kwenye mstari mmoja mnyoofu, na kila nthuki, yaani rika, imepewa kisanduku chake na miaka yake 15 kamili. Juu kabisa amechorwa Mugwe, kiongozi wa kiroho wa Wameru, ameinua mkono wa kushoto mbele ya umati. Mkono wa kushoto! Ule ule ambao Bernardo Bernardi, padre wa Consolata aliyetoa kitabu kizima juu ya Mugwe mwaka 1959, alielezwa kwamba hufichwa kwa kuwa ndio unaobeba baraka. Na bado mwalimu mmoja mstaafu, mtu mwenye akili zake timamu, alinishika bega akaniambia, "Kazi ya namna hii ndiyo tuliyokuwa tukiingoja, bwana."

Sikumjibu, maana chakula kilikuwa kimeshafika. Namjibu sasa.

Mwalimu, wewe umesifu unadhifu. Kupanga simulizi za kale mpaka zikae kwa mfuatano ni ufundi, na katika ufundi huu unadhifu ni dalili mbaya. Mimi nikipewa jedwali la marika, kitu cha kwanza ninachotafuta ni mapengo. Jedwali la fundi lina alama za kuuliza. Lina mahali ambapo Wameru wa Igembe wanasema hivi na wa Imenti wanasema vile, na fundi ameziacha kauli zote mbili zikae hapo hapo zikitazamana. Nikikuta visanduku vyote vina upana sawa, naweka karatasi chini. Nthuki haikufunguliwa na kalenda. Ilifunguliwa wazee walipokubaliana kuifungua, na njaa au vita viliweza kuwafanya wasubiri. Miaka 15 ni makadirio ya kumsaidia mwanafunzi aanze hesabu. Anayeigeuza kuwa rula hajawahi kuketi na wazee wanaobishana.

Lakini hayo ni madogo. Kuna jambo moja ambalo asiyejua hulipita kila mara, na hulipita huku akitabasamu. Majina hurudi.

Chukua Igembe na Tigania. Gwantai, Gichunge, Kiramana, Ithalie, Michubu, Ratanya, Lubetaa, Miriti, kisha Gwantai tena. Majina manane, halafu gurudumu linaanza upya. Ukikadiria miaka 15 kwa kila jina, mzunguko mzima ni takribani miaka 120. Kwa hiyo mzee akikuambia, "Hao ng'ombe walitekwa na Ratanya," bado hajakuambia lolote kuhusu wakati. Ratanya wa mwisho walikuwa vijana wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Ratanya waliowatangulia walikuwa vijana karibu na miaka ya 1830, kabla mmisionari Krapf hajauona Mlima Kenya kwa mbali kutoka Ukambani mwaka 1849. Kati yao kuna tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890, kuna kuja kwa Waingereza, kuna vita viwili vya dunia. Na jina ni moja.

Asiyejua huandika "Ratanya" na kuendelea na safari yake. Baadaye anakusanya masimulizi kumi yanayomtaja Ratanya, anayatia yote kwenye kisanduku kimoja, na kisanduku kinavimba. Rika moja sasa limepigana na Maasai, limefyeka msitu, limewakuta wawindaji wa kale waitwao Wagumba, limevuka mto, na limekamatwa na polisi wa mkoloni. Msomaji anashangaa: kumbe walikuwa mashujaa kweli! Hawakuwa mashujaa kuliko wengine. Walikuwa watu wa vizazi viwili au vitatu waliobanwa kwenye kisanduku kimoja na mtu mwenye haraka. Ukiona rika lenye matendo mengi kupita kiasi, na jirani yake halina hata moja, umeshamkamata mchoraji.

Nimewahi kumwona fundi akilitatua hili. Alikuwa mzee wa Tigania, hakusoma zaidi ya darasa la nne, na watafiti walikuwa wakimtumia kama mkalimani bila kujua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akifanya kazi yao. Msimulizi alitaja vita fulani na kusema ni vya Ratanya. Mtafiti akaanza kuandika. Mzee akamzuia kalamu kwa kiganja, akamgeukia msimulizi na kumuuliza tawi la rika: "Ndinguri, Kobia au Kabeeria?" Msimulizi akasema Kobia. "Huyo Kobia aliyeongoza, baba yake alikuwa nthuki gani? Na ulimwona wewe kwa macho, au ulimwona aliyemwona?" Msimulizi akanyamaza kitambo, akasema hakumwona, na babake pia hakumwona, ni babu ndiye aliyesimulia, naye alisimuliwa. Mzee akaondoa kiganja. "Haya, andika. Lakini andika wa zamani." Maswali matatu, na tukio likasogea nyuma zaidi ya karne moja.

Maswali hayo ndiyo kipimo. Jedwali linalotaja nthuki bila tawi lake la ndani, bila baba na bila kueleza nani alimwona nani, ni pambo la ukutani.

Wadanganyifu nao wanalijua gurudumu hili vizuri kuliko wasomi wengi. Nilimfahamu mmoja aliyekuwa akiziandikia familia historia za ukoo kwa malipo. Swali lake la kwanza kwa mteja lilikuwa, "Mnataka kufika hapa lini?" Akishajibiwa, aliongeza mzunguko. Majina yote yalibaki yale yale, kila mjukuu aliyatambua na kufurahi, na ukoo ukazeeka kwa miaka 120 bila uwongo wowote kuonekana kwenye karatasi. Usidhani ni mchezo wa kujifurahisha. Serikali ilipoanza kupima ardhi na kutoa hati, aliyefika kwanza ndiye aliyekuwa na la kusema. Jack Glazier, katika kitabu chake cha mwaka 1985 juu ya ardhi na mapokeo huko Mbeere, alionyesha namna koo zilivyokwenda kwenye kesi zikiwa zimebeba historia kama ushahidi, na namna mapokeo hayo yalivyogeuzwa kuwa hoja ya kudai shamba. Kwa hiyo ukipewa simulizi la asili, uliza kwanza kama kuna kesi.

Tuje Mbwaa, ambapo kila mtu ni mtaalamu. Nguo Ntuune, watu wa nguo nyekundu, wakawatumikisha babu zetu, wakawapa majaribu yasiyowezekana: kiatu chenye manyoya pande zote mbili, mkuki unaofika mbinguni, mbwa mwenye pembe. Kiongozi wao, Koomenjwe, akawatoa usiku, maji yakagawanyika, wakavuka makundi matatu, Njiru gizani, Ntune kukipambazuka, Njeru mchana. Mtoto yeyote wa shule ya Jumapili atakuambia hadithi hii anaifahamu. Ndiyo maana mchoraji mbovu hukazia bahari na fimbo, akapitisha viatu na mbwa haraka haraka kwa kuona haya. Mimi napima kinyume chake. Sehemu inayofanana na Kitabu cha Kutoka ndiyo ninayoitilia shaka, kwa sababu wamisionari wamekaa nasi zaidi ya karne na wazee wetu wana masikio. Kile kiatu sikioni mahali popote kwenye Biblia. Kanuni yangu ni kwamba simulizi lisilo na angalau jambo moja la kipuuzi limeshapita mikononi mwa mhariri. Ukiniuliza nimeitoa wapi kanuni hiyo, nitakuambia nimeitoa kwenye kusikiliza, na huo ndio mwisho wa mjadala.

Mahali pa Mbwaa penyewe sipagombanii sana. Wengi huelekeza kisiwa cha Manda, kule Lamu, na hoja zao zina uzito. Wanaochora mshale kutoka Meroe ya Sudan kwa sababu majina yanafanana, hao nawaombea heri. Na anayewaingiza Wachuka kwenye msafara huo bila hata alama ya kuuliza hajawahi kula Chuka, sembuse kulala. Wazee wengi wa huko husimulia asili nyingine kabisa.

Kuna kasoro mpya ambayo zamani haikuwepo, nayo inaniuma. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman alizunguka Meru mwaka 1969 na 1970, akakuta wazee waliozaliwa kabla ya mkoloni. Vitabu vyake, hasa kile cha vita cha 1982 na kile cha 1993, vimesomwa, vimesimuliwa kanisani, vimetajwa redioni. Leo unaketi na mzee wa miaka 80, unamletea sukari na miraa yake, anakusimulia vizuri mno, kwa mpangilio, sura baada ya sura. Unaandika mpaka mkono unauma. Ukifika nyumbani unagundua umeandika Fadiman kwa Kimeru. Mzee hakudanganya, amesahau tu kwamba aliyapata kitabuni. Zamani jioni kulikuwa na mabishano, mmoja anataja jina, mwingine anasema "hapana, huyo alikuwa Kabeeria", na kabla ya moto kuzimika ungepata matoleo manne. Sasa wote wanakubaliana. Makubaliano hayo yananitisha kuliko ubishi wowote.

Ajabu ni kwamba wanaolielewa tatizo hili ni vijana tunaowakemea. Mpwa wangu hucheza Elden Ring, mchezo wa Kijapani uliotoka mwaka 2022. Humo ndani hakuna anayekusimulia historia ya ile dunia. Wachezaji huokota vipande kwenye maelezo mafupi ya panga, pete na mavazi, kisha wanabishana wenyewe kwa wenyewe ni vita vipi vilitangulia. Nilimsikiliza siku moja akijibizana na mwenzake. "Hilo umelitoa kwenye upanga au umelisikia kwa mtu?" Nikamwambia, "Hebu rudia." Akadhani nimekasirika. Dunia isiyokuwepo inapewa heshima hiyo, na Tigania inapewa bango.

Kwa majirani zetu wa Embu kazi ni ngumu zaidi, na labda kwa sababu hiyo imefanywa vizuri zaidi. Huko vizazi vilikuwa vikipokezana kwa majina mawili tu, Nyangi na Kimanthi, kwa hiyo anayetegemea jina peke yake amepotea kabla ya kuanza. H. S. K. Mwaniki alilijua hilo. Historia yake ya Embu na Mbeere, ya mwaka 1973, inasimama 1906, Waingereza walipoiteka Embu, na haijipi mamlaka ya kwenda mbele ya hapo. Kisha mwaka 1974 akafanya jambo ambalo ni wachache mno wana ujasiri wa kulifanya: akachapisha maneno ya wazee wenyewe. Unaweza kumkagua. Unaweza kumsoma mzee mmoja, ukamlinganisha na mwingine, ukaona Mwaniki alipochagua na alichokiacha. Kwa Mwene Ndega, baba wa Waembu katika simulizi, na kichaka chake karibu na Runyenjes, hakuna haja ya kutafuta mwaka, na yeyote anayekuuzia mwaka wa Mwene Ndega anakuibia. Msimulizi mzuri wa Embu anakuambia yeye na mkewe walikutana majini, walioana, walizaa, na hapo anakunywa chai yake.

Kuhusu vigingi vya nje, yaani matukio ya kushikizia tarehe, nitasema kwa ufupi. Embu 1906. Meru 1908, Edward Horne, tuliyemwita Kangangi, alipofungua kituo cha serikali. Tauni ya ng'ombe. Nzige. Kila jedwali linahitaji vitu vya namna hiyo vya kufungia kamba, na mafundi wote huanzia huko wakirudi nyuma. Wabovu huanzia Mbwaa wakija mbele, kwa sababu Mbwaa ndiyo tamu.

Sasa hesabu ni wanawake wangapi wamo kwenye bango hilo, mwalimu. Hakuna hata mmoja. Majina ya nthuki ni ya wanaume, basi mchoraji akaona kazi imeisha. Lakini tarehe thabiti kuliko zote nilizowahi kupewa na mtu mzima wa Meru nilipewa na mama mmoja wa Imenti, aliyekuwa akichambua maharagwe na hakuinua hata macho. Nilimwuliza, "Mama, wewe ni wa rika gani?" Akasema, "Mimi ni Ngaitana." Njuri Ncheke walipiga marufuku ukeketaji Aprili 1956, na wasichana wakajikeketa wenyewe kwa wenyewe, wakajiita hivyo: nitajitahiri mwenyewe. Katika miaka mitatu iliyofuata, wasichana, wanaume na wanawake zaidi ya 2,400 walishtakiwa mahakamani. Kwa hiyo jina moja tu, lisilorudi kwenye gurudumu lolote, linakupa dirisha la miaka mitatu. Nikamwuliza mume wake alikuwa nani. Akanitajia nthuki, akanitajia na tawi, akaongeza kwamba shemeji yake alikuwa wa tawi lililotangulia na kwamba walipokezana mwaka wa mvua kubwa. Mumewe alikuwa ameketi kando akisikiliza redio. Kwake nilikuwa nimeshapoteza asubuhi nzima nikisimuliwa Mbwaa.