Mlango wa Kigamboni: Mkondo Uliovuta Makao Makuu

Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Sababu kubwa ilikuwa kina cha maji.

Bagamoyo ilikuwa na misafara, biashara na watu, lakini pwani yake iko wazi na maji ni mafupi. Jahazi lilikaa mchangani maji yakipwa, wapagazi wakashusha shehena mabegani. Meli ya mvuke ilitia nanga mbali, kila mzigo ukafuatwa kwa mashua. Dar es Salaam, mji ambao Sultani wa Zanzibar, Seyyid Majid, alianza kuujenga miaka ya 1860, ulikuwa na maji makuu yaliyoingia ndani ya nchi, huku ardhi ya Kigamboni ikiyakinga na mawimbi ya bahari kuu.

Njia ya kuingilia, hata hivyo, ni nyembamba tena ina kona. Chombo cha tanga, kinachotegemea upepo, kilipita kwa taabu. Meli ya mvuke iligeuka kwa nguvu ya mitambo yake. Bandari hii ilifaa zaidi zama za mvuke, na mwaka 1905 reli ya kati ikaanza kujengwa kutoka hapo.

Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, wembamba uleule ukatumika kivita. Kwa kuhofia manowari za Waingereza, Wajerumani walizamisha chelezo chao mlangoni. Vyombo vidogo viliendelea kupita, lakini manowari yao Königsberg, iliyokuwa baharini tangu Julai 31, ikakosa bandari ya kurudia. Ikajificha katika delta ya Rufiji.

Novemba 1914 Waingereza walijaribu mbinu hiyohiyo huko: wakazamisha meli Newbridge katika mkono mmoja wa delta. Haikutosha, kwa kuwa Rufiji huingia baharini kwa mikono mingi, kati ya visiwa vya mikoko. Ilibidi ziletwe Severn na Mersey, manowari zinazoelea kwenye maji mafupi, zikielekezwa na ndege kutoka Mafia, hadi Königsberg ilipoangamizwa Julai 11, 1915.

Mbinu ilikuwa moja. Umbo la mahali ndilo lililotofautisha matokeo. Umbo hilo bado lina uzito Kigamboni: Daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016, linavuka upande wa Kurasini, ndani zaidi, na mlango umebaki wazi kwa meli na pantoni. Huo ni uamuzi wa busara. Kila anayechora ramani mpya ya Kigamboni aanze na mkondo huo, kisha ndipo agawe viwanja.