Mwongozo wa Tallinn na mtu aliyeweka dhahabu rehani

Hebu fikiria hivi. Umebanwa, umeweka bangili za mama rehani, ukapewa mkopo. Siku moja unaamka na kukuta jina lako na deni lako viko mtandaoni, yeyote anasoma. Je, umeshambuliwa?

Hayo yaliwapata watu Lebanon. Al-Qard Al-Hassan ni taasisi ya Hezbollah inayokopesha bila riba kwa rehani ya dhahabu. Benki za kawaida zilipoanza kuwazuia watu kutoa pesa zao mwaka 2019, wengi walikimbilia huko. Desemba 2020 wadukuzi waliojiita SpiderZ wakaingia kwenye mfumo wake na kumwaga hadharani taarifa za wateja.

Sasa tuseme aliyefanya hivyo ni jeshi, tena vitani. Kitabu kinachotajwa sana hapo ni Tallinn Manual 2.0 cha mwaka 2017, kilichohaririwa na Michael Schmitt kwa mwaliko wa kituo cha NATO cha usalama wa mtandao, Estonia. Kina kanuni 154. Si sheria, ni maoni ya wataalamu, ila wanasheria wa majeshi wanakisoma sana. Na kina mazuri yake: kompyuta na data za hospitali kinazilinda waziwazi.

Tatizo langu ni mizani yake. Kwake, shambulio ni kitendo kinachotarajiwa kuua, kujeruhi au kuharibu vitu. Lakini wengi wa waandishi wanasema data si "kitu". Mfumo ukizimwa, wengi wao wanahesabu uharibifu pale tu inapobidi kubadilisha kipande cha kifaa. Hofu na usumbufu wa raia havihesabiwi kabisa katika kupima madhara.

Ukifuata mizani hiyo, yule mkopaji hakushambuliwa. Daftari la mikopo likifutwa lote, akakosa hata ushahidi kwamba bangili ni zake, bado hakuna kilichovunjika!

Utaniambia Hezbollah ndiyo iliyochanganya bunduki na huduma. Kweli, na Marekani iliiwekea taasisi hii vikwazo mwaka 2007 ikisema ni kivuli cha shughuli za fedha za kundi hilo. Hoja hiyo ina uzito, na inaweza kutosha kumlenga mhasibu wa wapiganaji. Haitoshi kumgeuza kila mwenye deni kuwa mpiganaji.

Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu inakwenda mbali zaidi: vitani, kuzima kazi ya mfumo ni shambulio hata kama hakuna kilichovunjika, na data muhimu za raia zilindwe. Mimi nakubaliana nayo. Makundi kama haya hushika mizizi pale serikali na benki zinaposhindwa kazi. Mtu hakwenda pale kwa mapenzi ya vita, alikwenda kwa sababu dirisha lingine lilifungwa.

Kisome kitabu, kina faida. Ila kila ukifika kwenye neno "usumbufu", jiulize ni wa nani, na kesho asubuhi atakula nini.