Uongo wa Wastani: Nilivyomsoma Kambakochi wa Eve Marder

Watu wakiandika kuhusu midundo ya ubongo hukimbilia ngoma. Mabilioni ya seli za neva zinapiga pamoja, wanasema, na mdundo unazuka. Sitiari tamu, ila inawafanya wapigaji wote kuwa sawa, kana kwamba ukimtoa huyu ukamweka yule ngoma italia vilevile. Ndiyo maana nimekipenda kitabu cha Charlotte Nassim, *Lessons from the Lobster* (2018), kinachosimulia kazi ya Eve Marder wa Chuo Kikuu cha Brandeis, Marekani. Humu seli ni wahusika.

Jukwaa lenyewe dogo mno: fundo la neva lenye seli kama 30 tu, linaloendesha tumbo la kaa na kambakochi. Ndiyo, tumbo. Usicheke. Seli moja, AB, hupiga yenyewe hata ikitengwa na wenzake. Inapopiga, seli za LP na PY hunyamazishwa. Ikitulia nazo huinuka, lakini si kwa pamoja: LP hutangulia, PY huchelewa, kwa sehemu kwa sababu utando wake una vijilango vya potasiamu vinavyoivuta nyuma. Kumbe kujua nani kaunganishwa na nani hakutoshi kuueleza mdundo. Lazima ujue na hulka ya kila mmoja.

Halafu inakuja sehemu iliyonikosesha usingizi. Mwaka 2002, Marder na wenzake walichukua modeli za seli zenye tabia moja, wakatafuta wastani wa vijilango vyao, wakaunda seli kutokana na wastani huo. Ikatoka seli yenye tabia nyingine kabisa! Mwaka 2004 yeye, Astrid Prinz na Dirk Bucher walijaribu kwenye kompyuta zaidi ya matoleo milioni 20 ya mtandao mdogo wa seli tatu. Midundo inayofanana ilipatikana kwa mapishi yaliyoachana sana.

Na si mchezo wa kompyuta tu. Kaa wawili wanaopiga sawasawa kwenye maji baridi, ukizidisha joto kupita kiasi, kila mmoja huvurugika kwa namna yake. Nikawaza dawa za kifafa, ambazo nyingi hufanya kazi kwenye vijilango hivihivi. Tunashangaa nini basi ileile ikimtuliza huyu na kumshinda yule?

Lawama yangu ni kwamba kurasa za katikati ni nzito kwa asiyezoea umeme wa seli. Nilizirudia mara mbili. Na kutoka tumbo la kaa hadi kichwa cha mtu ni safari ndefu. Anayetaka kuendelea nayo ajaribu *Rhythms of the Brain* cha György Buzsáki (2006), ila aandae kahawa, maana hicho si cha kusomea kitandani.