Maneno ya Kufaana katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Katika barua na mikataba ya siku hizi limeenea fungu hili la maneno: "uhusiano wenye manufaa kwa pande zote mbili." Ni mazito kinywani, mepesi katika mizani. Hutaja pande mbili bila kusema nani aliyezihesabu, wala nani aliyeachwa nje ya hesabu. Tumeona yafaa kuyapima katika pwani ya Kilwa na Lindi, ambako watu wameishi karne nyingi kwa kutoa na kupokea.

Tarehe 14 Septemba 1776 Mfaransa mmoja, Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa. Sultani aliahidi kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka kwa piasta 20 kila mmoja, naye Morice aongeze piasta 2 kwa kila mtumwa, ziwe zawadi ya Sultani. Ukiuita mkataba huo "wenye manufaa kwa pande zote mbili" hujasema uongo, na hiyo ndiyo kasoro ya maneno yenyewe. Wale watu 1,000 hawakuwa upande, walikuwa bidhaa.

Wala tusidhani kauli ya kutendana itatuokoa. Twasema kupeana na kufaana, lakini pia twasema kudhulumiana na kuuana. Kauli hiyo huonyesha kwamba jambo limekwenda na kurudi. Haionyeshi kuwa limerudi na heri.

Maneno ya wavuvi na wakulima yana masharti ndani yake. Ubia ni fungu la faida pamoja na fungu la hasara. Samaki wakiuzwa, chombo kina fungu lake, nyavu zina lake, na mabaharia wana lao. Bahari ikinyima, wote hurudi mikono mitupu. Asiyekubali kurudi mikono mitupu si mbia, ni mkopeshaji. Sheria ya mwaka 2010 kuhusu miradi ya pamoja ya sekta ya umma na sekta binafsi ilichagua neno hili hili, na uteuzi ni mzuri, ila mwenye kuisoma mikataba yake autafute humo ukurasa wa hasara. Kikoa nacho ni chakula cha zamu, leo kwangu, kesho kwako. Mlaji asiyepika hujulikana mapema.

Lakini neno lenye kina kuliko yote ni utani. Wageni wengi huuona kuwa mzaha tu. Mzaha ni ganda lake. Msiba ukitokea, mtani huja akashika kazi ambazo wafiwa hawana nguvu nazo. Hutania hata mbele ya maiti, hudai ujira wake papo hapo, na hapana anayekasirika. Siku msiba ukimfika yeye, huduma ile ile humrudia. Zamani za misafara msafiri aliyechoka aliweza kupata hifadhi kwa watani mbali na kwao, na yako makabila ambayo utani wao husemwa kuwa ulizaliwa na vita. Tazama basi: neno moja limebeba uadui wa jana, msaada wa leo na deni la kesho, na bado watu wanacheka. "Ushirikiano" hauwezi kubeba nusu ya mzigo huo.

Kwa mizani hiyo twaweza kuisoma upya habari ya kale ya Kilwa. Masimulizi ya Kiarabu yasema mgeni kutoka Uajemi alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka. Hayo ni masimulizi ya mfanyabiashara: bidhaa na bei yake. Masimulizi ya Kiswahili yamtaja mzee Mrimba, ambaye mgeni alimwoa binti yake. Kisha nguo zikatandikwa chini, na Mrimba akazikanyaga mpaka bara. Je, ilikuwa bei, zawadi, au haki ya mkwe? Msimulizi hakulitaja neno, nasi twaona alifanya vyema, kwani bei hupimwa kwa nguo zilizotolewa, bali yeye ametuonyesha miguu ya mtu anayetoka kwao. Pande zote mbili zilikubaliana siku ile. Baadaye, yasema masimulizi, Mrimba alitaka kurudi kwa vita.