Fimbo na Bunduki

Katika kitabu cha tatu cha hadithi za Harry Potter, alichokitoa J. K. Rowling wa Uingereza mwaka 1999, mna jambo dogo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio. Gazeti la wachawi lapasha habari za mtu aliyetoroka gerezani, nalo lalazimika kuwaeleza wasomaji wake bunduki ni kitu gani. Laifananisha na fimbo ya uchawi iliyofanywa kwa chuma, ambayo watu wasiojua uchawi huitumia kuuana. Bila shaka mwandishi alitaka tucheke. Lakini, msomaji wangu, kicheko kikikwisha swali labaki: je, mfano huo ni wa kweli?

Tuanze na fimbo. Katika kitabu cha nne, cha mwaka 2000, wanafunzi waonyeshwa apizo la kuua. Mwalimu amwelekezea buibui fimbo, atamka maneno mawili, nuru ya kijani yamulika, na buibui afa. Kisha awaambia ya kuwa hata darasa zima likimwelekezea yeye fimbo na kutamka maneno yale yale, hatadhurika, kwa kuwa apizo lahitaji nguvu kubwa nyuma yake. Kitabu cha tano, cha mwaka 2003, chafundisha ya kuwa apizo la kutesa halifanyi kazi barabara ila kwa mtu atakaye kwa moyo wake wote kumwumiza mwenziwe. Na kitabu cha sita, cha mwaka 2005, chasema ya kuwa kuua huipasua roho ya mwuaji mwenyewe.

Sasa itazame bunduki. Ile iitwayo AK-47, aliyoibuni Mikhail Kalashnikov na ambayo jeshi la Kisovieti liliipokea mwaka 1949, yaweza kutoa risasi kiasi cha 600 kwa dakika moja. Haimwulizi aishikaye kama ana chuki au hana, kama ni mtu mzima au mtoto. Bomu la kutegwa ardhini lazidi hapo. Aliyelifukia huenda amekwisha kufa, na vita vyake vimekwisha kusahauliwa, nalo lingali likingoja mguu wa mchunga mbuzi. Kwa sababu hiyo mataifa mengi yalitia sahihi mkataba wa kuyapiga marufuku mabomu hayo mwaka 1997.

Basi mfano wa lile gazeti haukutimia. Fimbo yamtaka mtu awe mwuaji moyoni kwanza. Bunduki yataka kidole tu.

Wala wazo hili si geni kwetu. Katika masimulizi ya pwani yetu ya kaskazini, Fumo Liyongo hakuweza kuuawa kwa mkuki wala mshale, ila kwa sindano ya shaba ya kuchomwa kitovuni. Nani angeweza kumfikia karibu kiasi hicho? Mwanawe tu. Hadithi ilimtaka mwuaji amkaribie baba yake na kumwona usoni, nasi twamjua hadi leo. Hadithi za kale na za sasa zakubaliana hapa: hazimruhusu mwuaji kujificha nyuma ya chombo chake.

Hata hivyo mhakiki asisifu tu. Mwanzoni mwa kitabu cha nne, watu watatu wa nyumba moja wakutwa wamekufa, na waganga hawaoni jeraha wala sumu mwilini mwao, ila hofu nyusoni. Kifo hicho ni safi mno. Mwandishi aueleza vema uyatima wa Harry, lakini apizo lake halimwachi mtu akiugulia, wala halimkati mguu. Msomaji kijana aweza kufunga kitabu akidhani kufa ni mmuliko wa nuru. Mwuguzi aliyepata kufunga kidonda cha risasi angemwambia vingine.

Lakini kasoro hiyo haiufuti ukweli ulio mkubwa zaidi. Kalashnikov alifariki mwaka 2013, naye alikuwa na umri wa miaka 94. Mwaka uliofuata, gazeti moja la Urusi lilichapisha barua aliyokuwa amemwandikia mkuu wa kanisa lake. Mzee huyo aliuliza kama yeye ana hatia kwa ajili ya watu waliouawa kwa bunduki yake. Chuma hakikumwuliza neno maisha yake yote. Roho yake ndiyo iliyouliza, tena uzeeni.

Basi, msomaji, usomapo hadithi yenye silaha, iwe ya uchawi au ya chuma, usihesabu waliokufa tu. Mtafute aliyeua, uone kama mwandishi amemfanya alipe cho chote. Asipolipa kitu, kitabu hicho kimekufundisha kuua ni rahisi, na bunduki yasema hivyo hivyo.