Ufundi wa Nukta na Mstari

Mji wa Königsberg, ambao leo unaitwa Kaliningrad na uko Urusi, ulikuwa na madaraja saba juu ya mto Pregel. Wenyeji walikuwa wakiulizana: je, mtu anaweza kuuzunguka mji akavuka kila daraja mara moja, asirudie hata moja? Kila aliyejaribu alishindwa, lakini kushindwa kwa wengi hakuthibitishi neno. Huenda kesho akatokea mwerevu zaidi. Swali hilo lilimfikia mwanahisabati Leonhard Euler akiwa St. Petersburg, na mwaka 1735 akawasomea wenzake wa Akademia ya Sayansi jibu lake. Haiwezekani, na hata angetokea mwerevu wa namna gani, asingeweza.

Napenda kulitazama jibu hilo kwa karibu, maana humo ndimo ulimozaliwa ufundi ninaotaka kuusifu. Euler hakuuliza madaraja yana urefu gani wala mto una kina gani. Hakujali ukubwa wa kisiwa cha Kneiphof kilicho katikati ya mji, wala kanisa kuu lililojengwa juu yake. Vyote hivyo alivitupa, akabakiza vitu viwili: sehemu nne za nchi kavu, na madaraja yanayoziunganisha. Kisha akafikiri hivi. Ukipita mahali, unaingia kwa daraja moja na kutoka kwa jingine, kwa hiyo kila unapopita unatumia madaraja mawili. Basi mahali pasipokuwa mwanzo wala mwisho wa safari lazima pawe na madaraja yenye idadi shufwa. Witiri inakubalika mahali pawili tu, unapoanzia na unapoishia. Sasa hesabu: kisiwa kina madaraja matano, na sehemu tatu zilizobaki zina matatu matatu. Zote nne ni witiri. Kwisha maneno.

Mwaka uliofuata Euler alimwandikia Carl Ehler, meya wa Danzig, kwamba jibu lile lina uhusiano mdogo na hisabati, kwa kuwa linatokana na kufikiri tu. Kwa heshima zote nilizonazo kwake, hapo simuungi mkono. Kujua cha kutupa ni nusu ya elimu, na ni nusu iliyo ngumu kuliko ile ya kukokotoa. Mpumbavu akichora ramani hujaza kila kitu, na mwisho haoni njia.

Taaluma iliyochipuka hapo inaitwa nadharia ya grafu. Grafu inayozungumziwa siyo ile ya mhimili wa x na y tuliyoichora shuleni. Hii ni nukta kadhaa na mistari inayoziunganisha, basi. Kwa vifaa hivyo viwili watu wameingia katika karibu kila chumba cha elimu. Gustav Kirchhoff, ambaye naye alizaliwa Königsberg, alivitumia mwaka 1847 kuchambua jinsi umeme unavyogawanyika katika nyaya zilizounganishwa. Arthur Cayley, katika miaka ya 1870, alihesabu kwa nukta na mistari njia ambazo atomi za kaboni na haidrojeni zinaweza kushikana. Francis Guthrie alikuwa akipaka rangi ramani ya kaunti za Uingereza mwaka 1852 alipoona kwamba rangi nne zinatosha ili maeneo yanayopakana yasifanane. Uthibitisho wake ulisubiri hadi mwaka 1976, Kenneth Appel na Wolfgang Haken walipoutimiza kwa msaada wa kompyuta. Na mwaka 1956, Edsger Dijkstra, akinywa kahawa na mchumba wake kwenye mgahawa mjini Amsterdam, alibuni kwa dakika kama ishirini, bila kalamu wala karatasi, mbinu ya kutafuta njia fupi kuliko zote kati ya miji miwili. Simu inayokuonyesha njia ya kukwepa foleni inatembea juu ya mawazo ya namna hiyo.

Ila nisingependa msomaji adhani kwamba jicho hili lilifunguka Ulaya peke yake. Wachokwe wa Angola, walioenea hadi Kongo na Zambia, wana sanaa iitwayo sona: mchoraji hupanga safu za vitone mchangani kwa ncha za vidole, kisha huzungusha mstari kati ya vitone hivyo huku akisimulia kisa, na katika michoro mingi mstari ni mmoja tu, usiokatika mpaka unaporudi ulikoanzia. Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji, alitumia miaka mingi kuonyesha ni hisabati ya kiwango gani iliyomo humo. Na mwanzoni mwa karne ya ishirini, msafiri Emil Torday alipofika kwa Wabushoong wa ufalme wa Kuba, katika nchi ya Kongo, aliwakuta watoto wakichora mchangani maumbo ambayo lazima yakamilike bila kuinua kidole wala kurudia mstari. Walimpa naye ajaribu. Alishindwa, na watoto wakafurahi mno. Wao walijua pa kuanzia.

Hata hivyo, mfano unaonigusa kuliko yote unatoka kisiwa cha Likoma, katika Ziwa Nyasa, ambacho ni cha Malawi ingawa kiko karibu zaidi na pwani ya Msumbiji. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba virusi vya Ukimwi husambazwa hasa na watu wachache wenye wapenzi wengi sana, na lawama ikawa inatupiwa madereva wa masafa marefu na wanawake wanaouza miili. Watafiti Stéphane Helleringer na Hans-Peter Kohler waliamua kuchora mtandao wenyewe. Walichagua Likoma kwa kuwa ni kisiwa kidogo, ambapo mtu akitajwa anaweza kupatikana. Vijana waliombwa wawataje wapenzi wao wa miaka ya karibuni, nao wakajibu faraghani, maswali yakiwafikia kwa sauti kutoka kwenye kompyuta ili wasilazimike kumtazama mtu usoni. Kisha kila jina likageuzwa nukta, na kila uhusiano ukawa mstari.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Nusu ya waliohojiwa waliokuwa na mahusiano ya kimapenzi walikuwa wameunganishwa katika mtandao mmoja mkubwa. Na mtandao ule haukushikiliwa na watu wachache wenye wapenzi lukuki. Ulifumwa na watu wengi wa kawaida, kila mmoja akiwa na wapenzi wachache tu. Mtu mwenye wapenzi wawili humfahamu huyu na yule. Hawajui wale walio nyuma yao, wala walio nyuma ya hao, na mnyororo unakwenda hivyo hadi unafunika kisiwa. Tena, virusi havikujazana pale mistari iliposongamana. Vilionekana zaidi kule ilikokuwa michache. Jambo hilo liliwalazimu watafiti waache mchoro na kurudi kuuliza kuhusu umri, ujane na talaka.

Hapo ndipo ninapouheshimu ufundi huu kwa dhati. Mchoro wa Likoma hauna jina hata moja, kwa hiyo hauna wa kunyooshewa kidole. Lakini kila mstari ndani yake ulihitaji uamuzi. Uhusiano wa usiku mmoja ni mstari? Na wa miaka mitatu iliyopita? Hesabu haina jibu la maswali hayo. Mstari, kwa jinsi ulivyo mwembamba, hausemi kama wawili walipendana au kama mmoja alilazimishwa. Anayeyajua hayo ni muuguzi, mtaalamu wa mila, na mwanakijiji mwenyewe. Kwa hiyo nadharia ya grafu inapoingia taaluma nyingine inapaswa kuingia kama mgeni mwenye adabu, aliyekuja na mzigo mdogo, anayemuuliza mwenye nyumba kabla ya kuketi. Wanaochukua data za watu kutoka kwenye simu zao, wakachora mitandao bila kuuliza mstari una maana gani, hata wakipata picha ya kupendeza, mimi siwahesabu kuwa mafundi.

Nitoe mfano mmoja zaidi, kwa sababu ni mdogo na unaweza kuujaribu ukiwa umekaa hapo ulipo. Mwaka 1991 mwanasosholojia Scott Feld alionyesha kwamba, kwa wastani, marafiki wa mtu wana marafiki wengi kuliko yeye. Chora nukta nne: Asha, Juma, Neema na Rashidi. Asha ni rafiki wa wote watatu. Wale watatu hawajuani. Mchague mmoja wa wanne kwa kura, na kuna uwezekano mkubwa utapata mwenye rafiki mmoja tu. Lakini mwambie akutajie rafiki yake. Juma atamtaja Asha, Neema atamtaja Asha, Rashidi atamtaja Asha. Mwaka 2003 wanafizikia Reuven Cohen, Shlomo Havlin na Daniel ben-Avraham waliligeuza jambo hilo kuwa pendekezo la chanjo: kama dozi ni chache, usimchanje uliyempata kwa kura, mchanje rafiki atakayekutajia. Bila kuwa na ramani ya mtandao wote utawafikia wale ambao ugonjwa ungewapitia kwanza. Sijui hoja nyingine katika hisabati ambayo kwa maneno machache hivyo ingeweza kuokoa watu wengi hivyo.

Ndiyo maana nawaomba walimu wa hisabati, na wazazi pia, msiwasubirishe watoto hadi chuo kikuu ndipo wakutane na elimu hii. Haihitaji aljebra wala maabara. Wachoreeni nyumba: mraba, paa la pembetatu juu yake, na mistari miwili inayokatiza mraba kutoka kona hadi kona. Waambieni waichore bila kuinua kalamu na bila kurudia mstari. Waacheni wabishane. Wakishachoka, waambieni wahesabu mistari inayokutana kwenye kila kona, kisha waeleze wenyewe kwa nini wengine wamefaulu na wengine wameshindwa. Kileleni mwa paa ni miwili, kwenye kona mbili za juu ni minne minne, kwenye kona mbili za chini ni mitatu mitatu. Anayeanzia kona ya chini anaweza kumaliza. Anayeanzia juu hawezi kamwe.